Punje nyeupe katika nyama ya sikukuu



Juma hili tunataka kuongea nanyi juu ya mambo yaliyotupata sisi wenyewe, ambayo kidogo tu yangevunja chama chetu.

Ilikuwa siku mbili mbele ya sikukuu ya tarehe 8 Machi. Tulikuwa wamama saba kwenye kiwanja cha mwenzetu mmoja, tunakatakata nyama. Ilikuwa nyama ya nguruwe, kilo 14, tuliyonunua kwa feza za likelemba. Aliyetuuzia ni mwanachama mwenzetu, mjane anayelea watoto watano kwa kazi ya kuuza nyama. Tulinunua kwake makusudi, ili faida ibaki kati yetu.

Mmoja wetu alipopasua paja, akasimamisha kisu. "Njooni muangalie hapa." Ndani ya nyama nyekundu kulikuwa na punje nyeupe, moja huku, nyingine kule, kadiri ya punje za njegere. Ukizigusa zilikuwa laini, kama kifuko chenye maji. Mama mmoja akasema ni mafuta tu. Mwingine akasema: "Kwetu kijijini tunaita huo mchele, na tunaula tangu utoto. Nani amekufa?" Wa tatu akasema nyama imelogwa. Na yule mwenye kuuza nyama, aliyekuwa amekaa nasi akichambua sombe, akaanza kulia, maana alijua ya kwamba tukiitupa, mtaji wake umekwisha.

Tulibishana mpaka jua likaanza kushuka. Kisha tukatuma mtoto amuite muganga wa mifugo anayekaa mtaa wa chini. Yale aliyotuambia, pamoja na yale ambayo muganga wa kituo cha afya alitufundisha siku zilizofuata, ndiyo tunayoandika hapa. Sisi tunaoandika ni walimu, si waganga. Lakini kazi ya mwalimu ni kueleza, na jambo hili linafaa lielezwe vizuri, sababu wengi wetu tulikuwa tunajua nusu yake tu.

Mnyoo mmoja, nyumba mbili

Zile punje si mafuta wala si mchele. Ni watoto wa mnyoo anayeitwa tegu. Wengi wetu tunamjua kwa jina la tenia. Kila punje ni kifuko kidogo chenye maji, na ndani yake kuna kichwa kimoja cha mnyoo kilichokunjwa, kinangoja.

Kinangoja mtu aile nyama ile ikiwa haijaiva. Kikifika katika utumbo wa mtu, kichwa kinajifungua, kinajishika kwenye ukuta wa utumbo kwa ndoana ndogo na vinyonyeo, na mwili unaanza kuota nyuma yake. Baada ya miezi miwili au mitatu mnyoo amekuwa mzima. Tegu wa nguruwe anaweza kufika mita 2 mpaka 7. Ni mweupe, bapa kama utepe, na mwili wake ni vipande vingi vilivyoungana. Mara nyingi anakuwa mmoja tu ndani ya mtu, ndiyo maana kwa Kifaransa wanamwita mnyoo wa peke yake. Anaweza kukaa humo kwa miaka, na mwenye kumbeba asione kitu kikubwa: tumbo kusokota kidogo, kichefuchefu, hamu ya chakula kubadilika.

Vipande vya mwisho vya mwili wake vinajaa mayai. Kipande kimoja kinaweza kuwa na mayai karibu 50,000, nayo hayaonekani kwa macho. Vipande vinakatika na kutoka pamoja na choo kikubwa. Sasa mtu akijisaidia nyuma ya migomba, nguruwe anayezurura anapita na kula. Mayai yanapasuka ndani ya tumbo lake, vitoto vinaingia katika damu, vinakwenda kukaa ndani ya nyama, na baada ya miezi kama miwili vimekuwa zile punje tulizoziona. Hivyo mnyoo anatoka kwa mtu, anaingia kwa nguruwe, na kwa nguruwe anarudi tena kwa mtu.

Hapo ndipo tulipojifunza neno la kwanza. Tunapenda kusema nguruwe ni mnyama mchafu na ndiye anayetuletea ugonjwa. Kweli yenyewe ni kwamba nguruwe ameupata ugonjwa kwetu. Pasipo kinyesi cha mtu, hakuna punje katika nyama yake.

Ng'ombe naye ana tegu wake. Huyo anaweza kuwa mrefu zaidi, mita 4 mpaka 12, na vipande vyake vinaweza kutoka vyenyewe na kutambaa mpaka ndani ya nguo. Anasumbua na anatia haya, lakini watoto wake hawaingii katika ubongo wa mtu. Wa nguruwe ndiye mbaya, kwa sababu ya neno la pili, ambalo wengi wetu hatukulijua.

Nusu tuliyokuwa hatuijui

Kila mama amesikia ya kwamba nyama mbichi inaleta minyoo. Hiyo ni nusu moja.

Nusu ya pili ni hii. Kuna kumeza punje, na kuna kumeza mayai. Ukimeza punje ndani ya nyama, unapata mnyoo tumboni. Lakini ukimeza mayai, yale yanayotoka katika choo cha mtu mwenye mnyoo, basi mwili wako unafanywa kama mwili wa nguruwe. Mayai yanapasuka, vitoto vinapita katika damu, na vinakwenda kuwa punje ndani yako: chini ya ngozi, katika misuli, katika jicho, hata katika ubongo. Waganga wanauita ugonjwa huo sistiserkosi.

Punje zikiwa katika ubongo zinaweza kukaa miaka mingi bila kusema kitu. Siku zinapoanza kufa, ubongo unavimba kuzizunguka, na ndipo mtu anaanza kuumwa kichwa sana, au kuanguka kifafa.

Mayai yanafikaje kinywani? Yanafika kwa mikono, na kwa maji na mboga zilizochafuliwa. Mama ana mnyoo tumboni na hana habari. Anatoka chooni, ndoo ya maji ni ya kuhesabu, na sabuni ilikwisha tangu jana. Anamega bugali na kumlisha mtoto kwa vidole vyake. Siku hiyo hakuna aliyekula nguruwe katika nyumba hiyo, lakini mayai yamepita. Wanaokuwa katika hatari ya kwanza ni watu wa jamaa yake, na yeye mwenyewe.

Kwa hiyo asiyekula nguruwe asijidanganye. Katika chama chetu kuna wamama Waislamu na wamama Waadventisti, na siku ile walisema: "Jambo hili si letu." Muganga akawajibu kwa habari ya mbali. Mwaka 1992, waganga wa Marekani waliandika juu ya watu wanne wa New York waliokutwa na punje katika ubongo na walikuwa wameanza kuanguka. Watu hao walikuwa Wayahudi wanaoshika sana dini yao, na hawali nguruwe hata kidogo. Walipochunguza nyumba zao, wakakuta mmoja wa watumishi waliokuwa wakifanya kazi humo alikuwa na tegu tumboni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyejua, kama sisi.

Na habari si ya mbali tu. Huko Kiremba, kaskazini ya Burundi, waganga walilinganisha watu wenye kifafa na watu wasio nacho. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2003, walikuta ya kwamba alama za sistiserkosi katika damu zilikuwa nyingi zaidi kwa wenye kifafa. Hapa Congo yetu, katika kijiji kimoja cha jimbo lililoitwa wakati ule Bas-Congo, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta alama hizo kwa mtu mmoja karibu katika kila watu watano. Na Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tunaloita OMS, linasema ya kwamba katika sehemu nyingi ambako tegu wa nguruwe ameenea, watu karibu 30 katika kila 100 wenye kifafa wamekipata kwa sababu yake.

Wamama, tusome tena neno hilo polepole. Watu 30 kwa 100 wanaoanguka kifafa, wengi wao wakisemwa kuwa wamelogwa, wangeweza kukingwa kwa sabuni, choo na moto wa jikoni.

Mtoto wa benchi la nyuma

Hapa tunapaswa kuungama jambo. Katika darasa letu, mwaka wa nne wa msingi, kuna mtoto mmoja anayeanguka. Mara ya kwanza alipoanguka mbele yetu, watoto walikimbia nje kupitia madirisha. Na sisi walimu? Tulisimama mbali. Tulikuwa tumesikia tangu utoto kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe utaanguka. Tulingoja mpaka akatulia mwenyewe. Kesho yake tulimweka kwenye benchi la nyuma, peke yake, na tukamwambia mama yake ya kwamba labda ingefaa apumzike nyumbani kidogo. Kidogo kile kikawa miezi mitano.

Muda huo wote mama yake alikuwa anakwenda kwa mufumu mmoja, kisha kwa mwingine. Aliuza mbuzi wawili. Shangazi wa mtoto akatajwa kuwa ndiye aliyemloga, na jamaa ikagawanyika.

Tulipokwisha kusikia mafundisho ya kituo cha afya, tulimtafuta mama huyo na kwenda naye. Muganga hakusema ya kwamba ni tegu. Alituambia wazi: ili kuona punje katika ubongo inahitajika mashine ya kupiga picha ya kichwa, nayo haiko karibu, na bei yake ni kubwa, tena kifafa kina sababu nyingi, kama malaria iliyopanda kichwani, mtoto kuumia wakati wa kuzaliwa, au kuanguka na kupigwa kichwa. Lakini alimpa vidonge vya kifafa vya kumeza kila siku, na akampangia siku za kurudi. Alituambia ya kwamba katika watu 100 wenye kifafa, hata 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuitumia vizuri. Shida ni kwamba wengi wanaiacha wakiona nafuu. Kuiacha kwa ghafla ni hatari.

Leo mtoto huyo amerudi shuleni. Ameketi benchi la pili, pamoja na wenzake wawili. Kuhusu shangazi yake, mama wa mtoto alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, na tulimsindikiza.

Basi mshike hili: kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kulala kitanda kimoja. Mtu akianguka, mwondoleeni mawe na vitu vya kuumiza, mwekeni kitu laini chini ya kichwa, msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mpelekeni mbali na moto ikiwa yuko karibu nao. Akitulia, mlazeni ubavu. Ikipita dakika tano bila kutulia, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, apelekwe kituo cha afya mara moja. Wamama wanaopika juu ya mafiga wajue: mwenye kifafa asiachwe peke yake kando ya moto, wala kisimani, wala ziwani.

Jikoni kwetu

Tunajua mama yuko haraka, makala ni ghali, na watoto wana njaa. Hata hivyo, moto ndio dawa ya kwanza.

Punje zinakufa nyama ikiiva kabisa mpaka katikati. Neno "katikati" ndilo la maana. Kipande kikubwa juu ya makala kinakuwa cheusi nje, huku ndani bado ni chekundu. Ndiyo shida ya brosheti zinazouzwa jioni kando ya barabara. Wamama wanaouza brosheti, kateni vipande vidogo, na kama mnaweza, chemsheni nyama kwanza mpaka iive, kisha mpeleke kwenye makala kwa kuipa rangi na harufu. Mteja hataona tofauti, isipokuwa nyama itakuwa laini zaidi. Kwa sisi wanunuzi: ukipasua brosheti na kuona wekundu au maji ya damu, irudishe kwenye moto bila haya.

Pilipili haiui punje. Ndimu haiui. Pombe unayokunywa juu yake haiui. Na moshi je? Nyama iliyokaushwa kwa moshi au kwa chumvi tusiiamini mpaka tumeichemsha. Tena tusionje nyama mbichi ili kujua kama chumvi imetosha. Tuonje mchuzi ukiwa umechemka. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi vioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kukatia nyanya.

Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji safi mengi, zaidi sana zikitoka bustani iliyo chini ya vyoo au inayonyweshewa maji ya mtaro. Lengalenga na sombe tunazipika, hizo hazina shida. Maji ya kunywa yachemshwe.

Na mikono: kwa sabuni, baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, mbele ya kupika, mbele ya kula na kulisha. Kucha ziwe fupi, sababu mayai yanajificha chini yake. Pasipo sabuni, jivu safi linasaidia kusugua. Shuleni kwetu ndoo ilikuwapo mlangoni, lakini sabuni haikuwapo. Sasa kila mzazi analeta kipande kimoja kwa zamu, na mtoto mmoja ndiye mlinzi wake.

Choo na kibanda

Muganga wa mifugo alituambia neno ambalo wafugaji kati yetu walilishika mara moja: "Mkitaka nyama safi, mfungie nguruwe, na mfunike choo." Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Nguruwe akifungiwa ndani ya kibanda lakini mtoto anakwenda kujisaidia kando ya kibanda, hakuna faida. Choo kikichimbwa lakini hakina mlango wala kifuniko, nguruwe ataingia.

Kinyesi cha mtoto mdogo pia kitupwe chooni, si nyuma ya nyumba. Tusiseme ya mtoto haina neno.

Wanunuzi wa nguruwe wana desturi ya kuangalia ulimi: wanamfungua mnyama mdomo, wanavuta ulimi, wanapapasa chini yake kutafuta vifundo. Ukivikuta, nguruwe ni mgonjwa. Lakini usipovikuta, usiseme ni mzima kabisa, sababu mwenye punje chache mara nyingi haonyeshi kitu ulimini. Ndiyo maana nyama inapaswa kuangaliwa na muganga wa mifugo baada ya kuchinja. Tena jueni: mfugaji anayeona vifundo mara nyingi haendi soko kubwa, anauza haraka kwa majirani, kwa bei ndogo. Nyama ya bei ndogo sana isitufurahishe kabla ya kuuliza sababu.

Ukiona vipande

Baada ya mafundisho yale, mwanachama mmoja alibaki nyuma wengine walipokwenda. Ametupa ruhusa kuandika, bila jina. Kwa miaka miwili alikuwa anaona vipande vyeupe, bapa, katika choo chake, na hakumwambia mtu, hata mume wake. Alikuwa na haya. Alinunua vidonge vya minyoo katika duka la dawa, vile vile tunavyowapa watoto, na vipande viliendelea kutoka. Muda wote huo ndiye aliyekuwa akipikia watu tisa.

Alipokwenda kituo cha afya akiwa na kipande ndani ya kichupa, muganga alimtambua ugonjwa wake mara moja. Alimweleza ya kwamba kidonge kimoja cha mebendazole, kile cha kampeni shuleni, kinalenga minyoo mingine. Hakitoshi kwa tegu. Tegu ana dawa yake, niklosamidi au prazikanteli, na mara nyingi inatosha kumeza mara moja, kwa kipimo cha muganga.

Lakini msikimbilie kuinunua wenyewe sokoni. Prazikanteli ikimkuta mtu mwenye punje katika ubongo, inaweza kuzichokoza na kumfanya aanguke. Kwa hiyo kabla ya kuimeza, mwambie muganga kama umewahi kuanguka, kama unaumwa kichwa sana bila sababu, kama umeona vifundo chini ya ngozi, au kama una mimba. Na mtu mmoja wa nyumba akikutwa na tegu, wengine nao waende kuangaliwa.

Mama huyo sasa amepona. Alituambia: "Haya yangu ndiyo ilikuwa inalisha mnyoo." Hatuna la kuongeza.

Nyama ile ilikwenda wapi

Mtauliza: na kilo 14 je?

Muganga wa mifugo aliiangalia na kusema punje zimezidi. Nyama ile isiliwe na mtu wala isitupiwe mbwa. Tuliimwagia mafuta ya taa, tukaichoma, tukazika mabaki kwa kina. Siku ya sikukuu tulikula maharagwe, sombe na ndizi, ndani ya vikwembe vyetu vipya, na hakuna aliyekufa kwa kukosa nyama.

Jambo gumu lilikuwa feza. Wengine walitaka mjane arudishe zote, sababu ni yeye aliyeuza. Wengine walisema naye alidanganywa na mfugaji, na tukimwangusha leo, kesho atauza nyama kama ile ile kwa mtu mwingine, usiku, bila kusema, ili alishe watoto wake. Tulikaa mikutano miwili. Mwisho tuliamua hivi: nusu ya hasara ilitoka katika sanduku la msaada, na nusu atairudisha polepole kwa miezi sita. Naye aliahidi mbele ya wote kutouza nyama isiyoangaliwa. Mpaka leo anafanya hivyo. Anatwambia wateja wamepungua kidogo kwa sababu bei yake imepanda, kisha wameanza kurudi, sababu wamejua kwa nini.

Hatukuandika haya ili mwache kula nguruwe, wala mwache kumfuga. Katika milima yetu nguruwe ndiye benki ya mama wengi. Ndiye anayelipa minervali ya watoto mwezi wa tisa. Tunaandika ili nguruwe huyo asije akamlipia mtoto masomo, kisha tegu wake akamwangusha mtoto yule yule darasani.

Tunaomba kila kikundi, katika mkutano unaokuja, kifanye mambo matatu. Kwanza, kuuliza bila kucheka: ni nani kati yetu amewahi kuona vipande? Na yule atakayesema asindikizwe na wawili mpaka kituo cha afya. Pili, kuhesabu vyoo visivyo na mlango au kifuniko katika mtaa wenu, na kupanga siku moja ya posho kusaidiana kuvitengeneza, kuanzia kwa wazee na wajane. Tatu, kuuliza kama kuna mtoto katika mtaa wenu aliyetolewa shuleni kwa sababu ya kifafa. Akiwapo, nendeni mkaongee na mama yake, kisha mkaongee na mwalimu wake.

Mwalimu akikataa, mwambieni ya kwamba kuna walimu wengine waliokataa kama yeye, na ndio walioandika habari hii.